Vyaelea Vimeundwa: Kani ya Kuelea katika Mto Tana, katika Chombo na katika Kiumbe

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa himizo la kuthamini jasho la aliyetangulia: anayestaajabia chombo kikikata maji hana budi kumkumbuka fundi aliyekiunda. Katika makala haya methali hiyo inarejeshwa kwenye maana yake ya awali, yaani maana ya chombo na maji. Swali linaloulizwa ni jepesi kwa sura lakini zito kwa undani. Ni nini hasa kinachokifanya kitu kielee? Na kwa nini chombo kilekile kilichoelea jana kizame leo?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hii ni nchi kame. Mvua ya Garissa, kwa wastani, haifikii milimita 400 kwa mwaka. Hata hivyo, ukingoni mwa mji wa Garissa hupita Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaosafiri takriban kilomita 1,000 kutoka safu za Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Mvua kubwa ikinyesha nyanda za juu, na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakijaa, maji huifikia Garissa hata kama anga ya huko haina wingu. Ndivyo ilivyokuwa katika mafuriko ya mwaka 1961, ya 1997 na 1998, ya 2018, na tena ya 2023 na 2024. Mtu aliyezoea kutafuta maji hujikuta akiyakimbia, na aliyezoea barabara hujikuta akitafuta mashua.

Makala haya yanashikilia kwamba kuelea si suala la wepesi. Ni mapatano kati ya uzito wa kitu na uzito wa maji ambayo kitu hicho huyasukuma pembeni. Mapatano hayo yana mpaka, na mpaka huo unaweza kuhesabiwa kabla ya maafa kutokea.

Kanuni ya Archimedes na mtungi wa lita ishirini

Mwanahisabati Archimedes wa Syracuse, aliyeishi takriban kati ya mwaka 287 na 212 kabla ya Kristo, ndiye aliyeieleza kanuni ya msingi. Kitu chochote kilichotumbukizwa katika maji husukumwa kuelekea juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa na kitu hicho. Sababu yake ni kanieneo, yaani msukumo wa maji juu ya kila kipande cha eneo. Kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo kanieneo inavyozidi, kwa kuwa maji ya chini hubeba uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwa hiyo kitako cha kitu kilichozamishwa husukumwa juu kwa nguvu zaidi kuliko kilele chake kinavyosukumwa chini. Tofauti ya misukumo hiyo miwili ndiyo kani ya kuelea.

Ikumbukwe kwamba maji hayajui kitu kimetengenezwa kwa nini. Yanachokijua ni nafasi kinayoichukua. Jiwe la lita moja na puto la lita moja, vikizamishwa kabisa, husukumwa juu kwa kani ileile, yaani uzito wa lita moja ya maji, ambao ni takriban kilo 1. Jiwe huzama kwa sababu uzito wake unaishinda kani hiyo. Puto huibuka kwa sababu uzito wake unashindwa.

Hakuna kifaa kinachoifunza kanuni hii vizuri kuliko mtungi wa plastiki wa lita 20, ambao katika Kaskazini Mashariki umekuwa kipimo cha maisha yenyewe. Mtungi mtupu uliofungwa kifuniko una uzito wa takriban kilo 1. Ukizamishwa wote huhamisha lita 20 za maji na kusukumwa juu kwa kani inayolingana na kilo 20. Unabaki na ziada ya kilo 19, na ndiyo maana ni vigumu kuuzamisha kwa mikono. Mtungi huohuo ukijazwa maji ungali mtoni huwa kama hauna uzito. Mtekaji huuzungusha kwa kidole kimoja, kisha hushangaa mgongo unapolalamika mara tu mtungi unapotoka majini. Maji ya ndani hayakuongezeka. Kilichoondoka ni msukumo wa maji ya nje.

Densiti na umbo

Wanafizikia hulipima jambo hili kwa densiti, yaani uzani wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Maji matamu yana densiti ya takriban kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo, na maji ya bahari takriban kilo 1,025. Kitu chenye densiti ndogo kuliko ya maji huelea, na chenye densiti kubwa zaidi huzama. Dhana kwamba kila mti huelea ni potofu. Mpingo, mti unaostawi katika nchi kame za Afrika Mashariki, una mbao nzito kuliko maji. Gogo lake likitupwa mtoni hushuka kama jiwe.

Kwa upande mwingine, chuma cha pua kina densiti inayokaribia mara nane ya ile ya maji, ilhali meli za chuma hutia nanga Mombasa kila siku. Siri iko katika umbo. Bamba la chuma likilazwa tu majini huzama. Likikunjwa kuwa bakuli hukusanya ndani yake ujazo mkubwa wa hewa, na densiti ya jumla, chuma pamoja na hewa, huwa ndogo kuliko ya maji. Hapa ndipo neno "vimeundwa" linapodhihirisha hekima yake. Meli haielei kwa sababu ya kilichomo katika chuma, bali kwa sababu ya nafasi ambayo fundi ameizungushia chuma.

Mtumbwi, shehena na mpaka wa kuelea

Wapokomo wa bonde la Mto Tana wamekuwa wakichonga mitumbwi kutoka gogo moja kwa karne nyingi. Fundi wa mtumbwi huondoa kiini cha mti na kuacha kuta, na kila kipande kinachotolewa huongeza uwezo wa chombo kubeba. Hata hivyo, uwezo huo una kikomo, na kikomo chenyewe hakihitaji hesabu ngumu.

Chukulia mtumbwi ambao eneo lake katika usawa wa maji ni mita 2.5 za mraba. Ili ushuke kwa sentimita 1, hauna budi kuhamisha lita 25 zaidi za maji, yaani kubeba kilo 25 zaidi. Abiria wa kilo 75 huushusha kwa sentimita 3. Ikiwa mtumbwi huo, ukiwa na mpiga kafi peke yake, una ubavu wa sentimita 25 juu ya maji, abiria wanane huzimaliza sentimita 24. Husalia sentimita moja tu. Kwa macho ya aliye ukingoni, chombo kingali kinaelea. Kwa hesabu, kinachosubiriwa ni wimbi la kidole kimoja.

Kutokana na msiba wa vyombo vilivyopakiwa kupita kiasi, sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, iliyopiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll, iliwataka wenye meli wachore ubavuni mstari wa mwisho wa shehena. Mstari huo ni kanuni ya Archimedes iliyoandikwa kwa rangi. Mashua nyingi za mitoni hazina mstari kama huo, lakini yeyote mwenye kipande cha chokaa anaweza kuuchora.

Jambo la pili, ambalo pengine huua wengi zaidi, ni uthabiti. Chombo kina vitovu viwili. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, ambapo uzito wote wa chombo na shehena huhesabiwa kuwa umekusanyika. Cha pili ni kitovu cha kuelea, katikati ya ujazo wa maji yaliyohamishwa. Chombo kikiinama upande, kitovu cha kuelea huhamia upande huohuo na kukisukuma chombo kirudi wima. Mwanasayansi Mfaransa Pierre Bouguer aliieleza nadharia hii mwaka 1746. Lakini msaada huo una sharti lake: kitovu cha uzito kisipande juu mno. Kikipanda, msukumo uleule uliokuwa ukikirudisha chombo wima hugeuka na kukipindua.

Manahodha wa pwani ya Waswahili walilijua sharti hili, na ndiyo sababu jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kuliweka zito chini. Abiria wanaosimama ndani ya mashua hufanya kinyume cha farumi: huuinua uzito. Wanapokimbilia upande mmoja kwa hofu, huukamilisha msiba. Maji yaliyoingia ndani huongeza hatari kwa namna yake, kwa kuwa hutiririkia upande ulioinama na kuuongezea uzito palepale usipohitajika. Katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa watu kupita kiasi ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Ufuo haukuwa mbali.

Mafuriko ya 2024: kuelea kusikotakiwa

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliidhihirisha kanuni hii kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya gari. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lililokuwa likisafiri katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi lilisombwa na mafuriko, na abiria wake 51 wakaokolewa. Wengi hudhani kwamba basi, kwa uzito wake, haliwezi kuondolewa na maji yasiyofika madirishani. Hesabu inasema vingine. Basi lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.5 lina sakafu ya mita 30 za mraba. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu, kabla maji hayajaingia ndani, huhamisha lita 3,000, yaani huliondolea basi tani 3 za uzito. Basi la tani 12 huanza kuelea maji yanapopanda sentimita 40 tu juu ya sakafu. Hata kabla ya hapo, magurudumu huwa yamepoteza mshiko barabarani, na mkondo hulisukuma basi kama unavyosukuma kibuyu. Gari dogo huchukuliwa kwa maji machache zaidi. Kina cha sentimita 60 kinatosha kuyabeba magari mengi. Kwa hiyo dereva anayetazama laga iliyofurika asijiulize iwapo gari lake ni zito. Ajiulize litahamisha maji kiasi gani.

Sura ya pili ni ya mashua. Barabara kati ya mji wa Garissa na Madogo ilipokatwa na maji, wasafiri walivushwa kwa mashua. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyobeba watu ilipinduka huko Kona Punda, upande wa Kaunti ya Tana River. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine walipoteza maisha. Barabara ikikatika, kivuko huzaliwa kwa siku moja, bila gati, bila mstari wa shehena na bila mazoea.

Katika hali kama hiyo, ujuzi mdogo huweza kuokoa. Mwili wa binadamu una densiti inayokaribiana sana na ya maji matamu. Mtu wa kilo 70 aliyejaza mapafu hewa huelea, lakini sehemu inayobaki juu ya maji ni ndogo kuliko kichwa chake. Akiinua mikono miwili kuomba msaada, uzito wa mikono iliyotoka majini huushusha uso wake chini ya maji. Ni heri kulala chali, mikono ikiwa majini, kifua kimejaa pumzi. Jaketi nyepesi ya kuelea humpa mtu mzima msaada wa takriban kilo 5 tu, na kiasi hicho hutosha kuinua pua na mdomo. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa barabara, ukikumbatiwa kifuani, una ziada ya kilo 19. Hauwi badala ya jaketi, kwa maana huponyoka mikononi wala haumgeuzi aliyezimia auelekeze uso juu. Hata hivyo, ni afadhali kuliko mikono mitupu.

Wajenzi nao wana funzo lao. Tangi la maji la lita 10,000 likiwa tupu huweza kung'olewa na mafuriko kwa kani inayokaribia tani 10, hata kama lilikuwa limefukiwa ardhini. Ndiyo maana matangi ya chini ya ardhi hufungwa kwa zege, na ndiyo maana mwenye tangi aliyeonywa kuhusu mafuriko hufaidika kulijaza badala ya kulimwaga.

Viumbe na ufundi wa kimaumbile

Ikiwa fundi huunda chombo, maumbile nayo yameviunda viumbe vya Mto Tana kwa njia zinazotofautiana. Kiboko, licha ya unono wake, si mwogeleaji. Mifupa yake mizito huufanya mwili wake uzidi maji kidogo kwa densiti, naye hutembea juu ya sakafu ya mto na kujisukuma kwa miguu anapotaka kuibuka. Kwa kiumbe anayekula nyasi nchi kavu na kupumzika majini mchana kutwa, kuzama ni faida.

Mamba anataka kitu kingine: kukaa chini kidogo tu ya uso wa maji, macho na pua vikiwa nje. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mawe anayoyameza ndiyo farumi yake. Lakini uzito wa mawe hayo ni takriban asilimia 1 tu ya uzito wake, kiasi kidogo mno kuyafanya yawe chombo kikuu cha kuzamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu jamaa wa mamba wanaoishi Marekani ulionyesha njia nyingine. Wanyama hao hutumia misuli kuyavuta mapafu nyuma au kuyaachia yarudi mbele, hivyo kukihamisha kitovu cha kuelea, na mwili huinama au kuinuka bila kuyatikisa maji. Nadharia ya Bouguer, kumbe, ilikuwa ikitekelezwa na mnyama huyo kabla ya kuwako Bouguer.

Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni. Perege huongeza gesi ndani yake kutoka katika damu au huiondoa, hadi densiti ya mwili wake ilingane na ya maji, kisha hukaa katika kina akitakacho bila kuchoka. Kambare, ambaye maisha yake ni ya matopeni, ana kibofu kilichodumaa, kwa kuwa wa chini hahitaji kuelea. Kamongo, anayepatikana Ziwa Viktoria na katika vinamasi vya Afrika Mashariki, hupumua kwa mapafu na huweza kujizika katika matope makavu hadi mvua irudi. Charles Darwin, mwaka 1859, alidhani kwamba kibofu cha samaki ndicho kilichogeuka kuwa pafu. Ushahidi wa leo unaonyesha kinyume: mapafu yalitangulia, na kibofu kikatokana nayo. Kiungo cha kupumulia kikawa kiungo cha kuelea.

Kanuni hii haiishii mtoni. Maziwa ya ng'ombe yakiachwa usiku kucha, mafuta yake, ambayo ni mepesi kuliko maji, huelea na kufanya malai. Maziwa ya ngamia hayatoi malai upesi. Chembe zake za mafuta ni ndogo, na hukosa protini inayozikusanya pamoja ili zipande haraka. Hewa nayo hutii sheria hiyohiyo. Jua likichoma nyika za Wajir, hewa iliyo karibu na ardhi hutanuka. Ikiwa na nyuzi 47 za selsiasi huwa nyepesi kwa takriban asilimia 6 kuliko yenye nyuzi 27, nayo hupanda. Kisulisuli kinachozungusha vumbi, na tai anayepaa bila kupiga mbawa, vyote vimebebwa na hewa inayoelea juu ya hewa.

Kuelea na kueleza

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mada hii ina hazina ya ziada. Kitenzi "elea" hubeba maana mbili: kukaa juu ya maji na kufahamika. Msemaji husema "mashua yaelea", na husema pia "jambo limenielea". Kauli ya kutendesha ni "eleza". Kueleza jambo, kwa hiyo, huweza kuchukuliwa kuwa kuliibua kutoka vilindini lionekane. Katika ukoo huohuo limo neno "chelezo", yaani kifaa kinachoelea. Istilahi za maabara kama "kani", "kanieneo" na "densiti" zilikuja kuungana na msamiati ambao mabaharia walikuwa nao tangu zamani: farumi, shehena, mkuku, mrengu. Mabaharia hao walikuwa wakitenda fizikia kabla ya kuiita fizikia.

Jambo hili lina umuhimu usio wa kinadharia tu. Katika vivuko vya Garissa na Madogo hukutana Msomali, Mmunyoyaya, Mmalakote na Mpokomo, na Kiswahili ndicho huwaunganisha. Onyo la kivukoni lisilowaelea wavukaji halina tofauti na mashua iliyotoboka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuelea hutokana na uhusiano kati ya uzito wa kitu na uzito wa maji kinachoyahamisha. Kwamba umbo, shehena na mpangilio wa uzito ndivyo huamua hatima ya chombo. Na kwamba kanuni hiyohiyo humbeba perege, humwongoza mamba na kulisomba basi. Yanayopendekezwa yanatokana na hoja hizo. Kila mashua inayovusha watu wakati wa mafuriko ichorwe mstari wa shehena na iandikwe idadi ya abiria kwa Kiswahili. Abiria waketi, wasisimame. Madereva wafunzwe hesabu ya maji yanayohamishwa. Nao walimu wa Kiswahili na wa fizikia washirikiane kuandaa maelezo mepesi ya kanuni hii kwa shule zilizo kandokando ya Tana, na ya Mto Daua kule Mandera. Vyaelea vimeundwa, na usalama nao huundwa, tena kabla maji hayajafika.